VPN Yako Mwenyewe Kwenye Linux: Ushauri kwa Watu wa Rumonge na Mwambao wa Tanganyika

Maswali yanayotoka Rumonge, Nyanza-Lac na mitaa ya Buyenzi yanafanana. Mwenye ghala la mawese anataka kusoma hesabu zilizo kwenye kompyuta ya nduguye Bujumbura bila kuifuata barabara ya RN3 kila mara, hasa tangu petroli iwe adimu. Mwalimu anataka kutumia Waifai ya hoteli bila hofu. Kijana amesikia kwamba VPN inaleta intaneti ya bure. Wote wanamalizia na ombi lile lile: nionyeshe hatua, na iwe kwenye Linux, kwa sababu ndiyo inayokubali kwenye kompyuta yangu ya mtumba.

Hatua zenyewe si ngumu. Anayeweza kunakili amri bila kukosea herufi atazimaliza jioni moja. Wengi wanaangushwa na mambo mawili: kutojua VPN inafanya nini hasa, na makosa madogo yasiyotoa ujumbe wowote kwenye skrini. Hayo ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

## Unaitaka ya nini?

VPN ni njia iliyofungwa kati ya kompyuta yako na kompyuta nyingine unayoiamini. Kila kinachopita humo kimefichwa kwa ufunguo. Kampuni ya simu, au mwenye Waifai, anaona tu kwamba unawasiliana na anwani moja, yaliyomo hayaoni.

Itakufaa ikiwa:

- unataka kompyuta mbili zilizo mbali, tuseme Rumonge na Bujumbura, zionane kana kwamba ziko chumba kimoja;
- unatumia Waifai za watu usiowajua;
- huduma fulani imezuiwa lakini intaneti yenyewe ipo.

Haitakufaa ikiwa:

- Unatafuta intaneti ya bure. VPN inasafiri juu ya mega zako. Zikiisha, nayo imekwisha.
- Intaneti yote imekatwa. Siku ya uchaguzi, tarehe 20 Mei 2020, Facebook, Twitter na WhatsApp zilizuiwa Burundi, lakini waliokuwa na VPN waliendelea kuzitumia. Uganda Januari 2021, na Kongo kuanzia mwisho wa Desemba 2018, intaneti yenyewe ilizimwa. Hapo hakuna VPN iliyosaidia.
- Unadhani itafanya ujumbe wa WhatsApp uwe siri zaidi. Maneno yako yamefungwa kutoka simu hadi simu tangu 2016. Kurasa za benki zenye alama ya kufuli nazo zimefungwa tayari.
- Unataka kujificha kabisa. VPN inahamisha imani tu: badala ya kumwamini mwenye mtandao, sasa unamwamini mwenye seva, yaani ile kompyuta ya upande wa pili.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha ushauri wangu. Kama ni lazima umwamini mwenye seva, basi mwenye seva awe wewe.

## "Kwa nini nisipakue tu ile ya bure?"

Kwa sababu seva inagharimu fedha, na usipolipa wewe, kuna anayelipa kwa kitu chako. Mwaka 2016 watafiti wa CSIRO ya Australia na wenzao walipima programu 283 za VPN za simu za Android. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za virusi au programu hasidi, na asilimia 18 hazikuficha mawasiliano hata kidogo. Mwaka mmoja kabla, Mei 2015, ilifahamika kwamba Hola, iliyokuwa ikitumiwa na mamilioni ya watu bila malipo, ilikuwa inauza laini za watumiaji wake kwa wateja wengine kupitia huduma iliyoitwa Luminati. Ni majuma yale yale ambayo Warundi walikuwa wanahangaika kutafuta VPN yoyote, baada ya WhatsApp na Facebook kuzuiwa wakati wa maandamano ya Bujumbura. Mtu aliyepakua kwa haraka siku zile hakuwa na muda wa kuuliza nani yuko nyuma ya programu. Wewe una muda huo leo.

## Jambo la sheria kwa wanaovuka mpaka

Watu wengi wa mwambao huu wana biashara Kigoma. Mwezi Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa zao kwake. Kama kazi yako inakupeleka huko na kompyuta yenye VPN, jisajili au izime kabla hujavuka. Kwa upande wa Burundi, msimamizi wa mawasiliano ni ARCT; ofisi au shirika lenye matawi lingefanya vizuri kuandika barua na kuweka nakala.

## Kwa nini WireGuard

Kwenye Linux unaweza kuchagua OpenVPN, ambayo ipo tangu 2001, au WireGuard ya Jason Donenfeld. Zote ni programu huria. Mimi nakuambia bila kusita: chukua WireGuard. Tangu toleo la 5.6 la Machi 2020 iko ndani ya kiini cha Linux, kwa hiyo unachopakua ni zana ndogo zisizofika mega moja. Haichoshi kompyuta kongwe. Na faili lake la mipangilio ni mistari michache, ambayo mtu anaweza kuisoma na kuielewa yote.

Ina udhaifu mmoja wa kujua mapema: haijifichi. Kampuni ya mtandao ikitaka kuitambua na kuizuia, inaweza.

## Vya kuandaa

- Kompyuta yenye Debian, Ubuntu au Linux Mint ya miaka ya karibuni. Kama bado hujaiweka, usipakue Ubuntu nzima kwa mega za simu. Ni zaidi ya gigabaiti 5. Peleka fleshi Bujumbura kwa mtu mwenye faibari.
- Seva ndogo ya kukodi yenye Debian au Ubuntu. Dola 4 hadi 6 kwa mwezi zinatosha.
- Karatasi na kalamu. Andika nani ana anwani gani.

Wengi wanapinga hapo kwenye seva. Wanauliza: kompyuta ya Bujumbura haiwezi kuwa seva yenyewe? Inaweza, kama ina anwani ya IP inayoonekana kutoka nje. Laini za simu kwa kawaida hazina: wateja wengi wanachangia anwani moja, na hakuna njia ya kukufikia kutoka nje. Hakikisha hivi: fungua ukurasa wa ruta yako, soma anwani iliyopewa na kampuni. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au ikitofautiana na ile inayoonyeshwa na tovuti za kukuambia IP yako, basi huna anwani ya wazi. Kodi seva, na pande zote mbili ziifuate huko.

Malipo ni kikwazo cha kweli, maana fedha za kigeni ni ngumu kupatikana na seva nyingi zinataka kadi ya benki. Familia nyingi zina ndugu Ubelgiji, Kanada au Oman anayeweza kulipa. Aingize kadi yake, lakini akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako na nenosiri lako. Malipo yakikwama na onyo likaenda kwenye barua pepe asiyoifungua, seva itafutwa pamoja na kila kitu.

## Hatua za upande wa seva

Ingia kwenye seva, kisha:

```
sudo apt update
sudo apt install wireguard
sudo -i
cd /etc/wireguard
umask 077
wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > wazi.key
```

Umepata funguo mbili. Wa wazi unaweza kumpa yeyote. Wa siri hautoki kwenye mashine iliyouzaa: si kwa WhatsApp, si kwa barua pepe, si kwa picha. Fanya hatua hizi hizi kwenye kompyuta ya Rumonge na ya Bujumbura, kila moja izae funguo zake.

Sasa andika faili la seva, `/etc/wireguard/wg0.conf`:

```
[Interface]
Address = 10.8.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = (ufunguo wa siri wa seva)

# Rumonge
[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa wazi wa Rumonge)
AllowedIPs = 10.8.0.2/32

# Bujumbura
[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa wazi wa Bujumbura)
AllowedIPs = 10.8.0.3/32
```

Ruhusu seva ipitishe mawasiliano kati ya mmoja na mwingine:

```
echo "net.ipv4.ip_forward=1" > /etc/sysctl.d/99-vpn.conf
sysctl --system
```

Kisha ukuta wa usalama, kwa mpangilio huu huu:

```
apt install ufw
ufw allow OpenSSH
ufw allow 51820/udp
ufw route allow in on wg0 out on wg0
ufw enable
```

Ukiwasha `ufw` kabla ya kuruhusu OpenSSH, umejifungia nje ya seva yako mwenyewe, na pengine itakubidi uanze upya. Angalia pia kama kampuni ya seva ina ukuta wake kwenye tovuti yao; mlango 51820 ufunguliwe na huko, kwa UDP. Wengi hufungua TCP, halafu wanashangaa.

Mwisho:

```
systemctl enable --now wg-quick@wg0
```

## Hatua za upande wa Rumonge

Ukishazaa funguo, andika `/etc/wireguard/rumonge.conf`:

```
[Interface]
Address = 10.8.0.2/24
PrivateKey = (ufunguo wa siri wa Rumonge)

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa wazi wa seva)
Endpoint = (IP ya seva):51820
AllowedIPs = 10.8.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Washa kwa `sudo systemctl enable --now wg-quick@rumonge`, kisha andika `sudo wg show`. Tafuta maneno "latest handshake". Yakiwepo, na muda wake ni wa sekunde au dakika chache zilizopita, mmeshikana mikono. Fanya vivyo hivyo Bujumbura kwa 10.8.0.3, halafu kutoka Rumonge jaribu `ping 10.8.0.3`.

Mstari wa `PersistentKeepalive` unatuma pakiti ndogo kila sekunde 25 ili njia isifungwe na mtandao wa simu. Usiogope kwamba utakula mega zako: kwa siku nzima haufikishi hata mega moja.

## Njia nyembamba au njia pana?

Mstari wa `AllowedIPs` kwenye kompyuta yako ndio unaoamua nini kinapita kwenye VPN. Nimekupa `10.8.0.0/24`, yaani mawasiliano kati ya kompyuta zako tu. Video, habari na mambo mengine yanaendelea kupita njia ya kawaida.

Ukiweka `0.0.0.0/0, ::/0`, kila kitu kinapita kwa seva. Ndiyo unayohitaji kwenye Waifai ya hoteli, au tovuti ikizuiwa, kama ilivyokuwa kwa tovuti ya gazeti la Iwacu iliyozuiwa nchini mwaka 2017. Usisahau ile `::/0`. Ukiiacha, mawasiliano ya IPv6 yanaweza kupita nje ya VPN nawe ukidhani umefunikwa.

Kwa njia pana, ongeza kwenye `[Interface]` ya seva:

```
PostUp = iptables -t nat -A POSTROUTING -o eth0 -j MASQUERADE
PostDown = iptables -t nat -D POSTROUTING -o eth0 -j MASQUERADE
```

na uruhusu `ufw route allow in on wg0 out on eth0`, kisha uiwashe upya kwa `systemctl restart wg-quick@wg0`. Jina `eth0` si la seva zote. Andika `ip route show default` uone la kwako. Mara nyingi ni `ens3` au kitu kama hicho.

Kuna onyo moja ambalo sijaliona likitolewa vya kutosha. Wengi wetu tunanunua mega za bei nafuu za WhatsApp peke yake. VPN pana ikiwa imewashwa, kampuni ya simu haioni tena kwamba ni WhatsApp. Inaona pakiti zilizofungwa. Kwa hiyo haitakata kwenye zile mega za nafuu, itakata kwenye salio la kawaida, na kama huna, utakwama. Kwa matumizi ya kila siku baki na njia nyembamba.

## Saa ya kompyuta, adui asiyeonekana

Hapa nitakaa kidogo, maana tatizo hili linawapata zaidi watu wenye umeme wa kukatika na kompyuta za mtumba.

WireGuard inaweka saa na tarehe ndani ya kila salamu ya kwanza, na upande wa pili unakumbuka salamu ya mwisho ilikuwa ya lini. Ikija nyingine yenye tarehe ya nyuma, inatupwa kimya kimya, kwa sababu inaweza kuwa ni mtu anarudia salamu aliyoinasa. Ni ulinzi mzuri. Lakini kompyuta kongwe ya mezani mara nyingi ina betri ndogo ya saa iliyokufa. REGIDESO ikikata umeme, kompyuta inarudi ikidhani ni miaka kumi iliyopita. Kila salamu yake inatupwa. Hakuna kosa kwenye skrini, hakuna kitu kwenye faili kilichobadilika, na jana ilikuwa inafanya kazi.

Na kama ulichagua njia pana, shida ni mara mbili: kompyuta inataka kuuliza saa sahihi kwenye intaneti, lakini swali lenyewe linatakiwa lipite kwenye VPN ambayo haifunguki mpaka saa iwe sahihi. Inaweza kukaa hivyo siku nzima.

Fanya hivi:

- VPN ikikataa baada ya umeme kurudi, andika `timedatectl` kabla ya kugusa kitu kingine chochote.
- Tarehe ikiwa mbaya, zima VPN kwa `sudo systemctl stop wg-quick@rumonge`, andika `sudo timedatectl set-ntp true`, subiri isahihishwe, kisha washa.
- Badilisha betri. Kwa kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, ile ya duara kama sarafu, na mafundi wa simu wanayo.

Saa za maeneo hazina shida. Seva ikiwa Ulaya na wewe Burundi, WireGuard inahesabu kwa kipimo kimoja.

## Makosa mengine ninayoyaona mara kwa mara

- Vifaa viwili kutumia ufunguo mmoja. Simu ikiingia, kompyuta inatoka. Kila kifaa kiwe na funguo zake na anwani yake.
- Kuchanganya funguo. Kwenye `[Interface]` ni ufunguo wako wa siri. Kwenye `[Peer]` ni wa wazi wa yule mwingine.
- Kuandika jina la seva badala ya namba. Umeme ukirudi, kompyuta inaweza kuwaka kabla ya modemu. Ikishindwa kutafsiri jina, VPN inaweza isiwake. Namba ya IP inaondoa tatizo.
- Ping inakubali, kurasa hazifunguki. Pakiti ni kubwa kuliko njia. Ongeza `MTU = 1280` kwenye `[Interface]` ya kompyuta yako.
- Ujumbe wa "resolvconf: command not found". Unakuja ukiweka mstari wa `DNS`. Sakinisha `openresolv`, au ondoa mstari huo kama unatumia njia nyembamba.
- Kuweka `SaveConfig = true` kwa sababu ulikuta mtu ameiandika. Ukihariri faili huku VPN inawaka, maandishi yako yatafutwa ikizimwa. Iondoe.

## Simu nayo

Kuna programu rasmi ya WireGuard kwa Android na iPhone. Gusa kuongeza, chagua kuunda mwenyewe, izae funguo ndani ya simu, halafu nakili ufunguo wa wazi tu na uuongeze kwenye seva kama `[Peer]` mwingine wenye 10.8.0.4/32. Wengine wanatengeneza faili kwenye kompyuta na kulisoma kwa simu kama picha ya QR. Inafanya kazi, lakini futa faili hilo baadaye, maana lina ufunguo wa siri.

## Ikishawaka

Kazi inayobaki ni ndogo, lakini isiachwe:

- Sasisha seva angalau mara moja kwa mwezi kwa `sudo apt update && sudo apt upgrade`.
- Weka nakala ya `/etc/wireguard` kwenye fleshi inayokaa mahali pa kufungwa (hii ndiyo nakala pekee ya ufunguo wa siri inayoruhusiwa).
- Simu ikiibiwa, au mfanyakazi akiondoka, futa `[Peer]` wake siku hiyo hiyo na uwashe upya `wg-quick@wg0`. Ile karatasi ya anwani itakuonyesha ni yupi. Usingoje kwa kuwa ni mtu mwema; ufunguo wake unaweza kuwa kwenye kompyuta aliyokwisha kuiuza.

Kama huna seva bado na utahitaji mwezi mmoja au miwili kuipata, sawa, ngoja. Lakini ile VPN ya bure iliyo kwenye simu yako, uliyoipakua wakati wa uchaguzi na ukasahau, ifute leo, kisha ubadilishe nenosiri la barua pepe yako.